Uzi: Kabla hujauliza mstari unasema nini, uliza umetoka kwenye andiko la aina gani

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Wakristo wenzangu, Bwana Yesu asifiwe. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye nafasi akae.

Kuna mstari unaopendwa sana kwetu, Ayubu 22:21: "Mjue sana Mungu, ili uwe na amani, ndivyo mema yatakavyokujia." Utaukuta kwenye kalenda za ukutani na kwenye vioo vya daladala, na mahubiri yake hayahesabiki. Ila ni wachache wanaouliza aliyeyasema maneno hayo ni nani.

Ni Elifazi Mtemani. Alikuwa anamwambia mtu aliyezika watoto kumi, mali imekwisha, mwili umejaa majipu, amekaa majivuni anajikuna kwa kigae. Rudi nyuma kidogo tu, 22:6-9, uone Elifazi huyohuyo anavyomshtaki Ayubu: umewavua nguo maskini, umewanyima maji waliochoka, umewafukuza wajane mikono mitupu. Ni uongo, na msomaji anajua ni uongo tangu sura ya kwanza. Ukifika 42:7, Mungu mwenyewe anamwambia Elifazi kwamba yeye na rafiki zake wawili hawakunena yaliyo sawa.

Sisemi mstari ufutwe kwenye kalenda. Kumjua Mungu kunaleta amani, na maandiko mengine yanasema hivyo bila utata. Ninachosema ni hiki: kitabu cha Ayubu ni mjadala mrefu wa kishairi, umewekwa katikati ya masimulizi mafupi ya mwanzo na ya mwisho, na ndani ya mjadala huo watu wanapingana kwa makusudi. Ukichomoa sentensi bila kuangalia msemaji, unaweza kujikuta unahubiri hoja ya upande ambao kitabu chenyewe kimeukataa. Ndivyo ilivyo pia kwa Ayubu 8:7, ile ya mwanzo mdogo na mwisho kuongezeka, inayosomwa duka likifunguliwa. Hayo ni maneno ya Bildadi. Mistari mitatu kabla ya hapo ametoka kumwambia baba aliyefiwa kwamba huenda watoto wake walikufa kwa dhambi zao.

Mimi naongoza kikundi cha kusoma Biblia mtaani, na kwa kadiri ninavyoona, mabishano yetu mengi yanaanzia hapa. Tunaichukua Biblia kama kitabu kimoja chenye sauti ya aina moja kutoka Mwanzo hadi Ufunuo, mstari wowote ukiwa sawa na mwingine. Kumbe ni maktaba nzima. Ina masimulizi, sheria, nyimbo, mithali, unabii, orodha za ukoo, barua na maono, na kila aina ina namna yake ya kusema kweli.

Mleta uzi (inaendelea)

Makundi yenyewe wengi tunayajua. Kwenye Biblia ya vitabu 66, Agano la Kale lina vitabu vitano vya Sheria, kumi na viwili vya historia kuanzia Yoshua hadi Esta, vitano vya mashairi na hekima, manabii wakubwa vitabu vitano, manabii wadogo kumi na viwili. Jumla 39. Agano Jipya lina Injili nne, Matendo, nyaraka 21 na Ufunuo, jumla 27. Hao "wadogo" wameitwa hivyo kwa sababu ya ufupi wa vitabu vyao. Amosi na Mika si wadogo kwa uzito hata kidogo.

Mpangilio huu unasaidia, ila usiuamini kupita kiasi. Kwanza, haufuati tarehe. Nyaraka za Paulo zimepangwa takribani kwa urefu: kwanza zile za makanisa, kuanzia Warumi ambayo ndiyo ndefu, kisha za watu binafsi, mpaka Filemoni yenye mistari 25 tu. Wathesalonike wa Kwanza, ambao wasomi wengi wanauweka kati ya nyaraka zake za mwanzo kabisa, karibu mwaka 50, umekaa mbali huko nyuma. Luka na Matendo ni kazi ya mwandishi mmoja katika sehemu mbili, zote kwa Theofilo (Luka 1:3, Matendo 1:1), lakini zimetenganishwa na Yohana ili Injili nne zikae pamoja.

Pili, kitabu kimoja kina aina kadhaa ndani yake. Danieli sura 1 hadi 6 ni masimulizi, 7 hadi 12 ni maono. Yeremia ni nabii, lakini sura ya 29 ni barua, ameiandika kutoka Yerusalemu kwenda kwa mateka walioko Babeli. Humo ndimo umo ule mstari wa kila mahafali, 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Barua ile inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, wauombee amani mji wa adui. Mstari wa 10 unataja miaka sabini. Maana yake wengi walioisikia barua ikisomwa wangezikwa hukohuko Babeli. Kwangu mimi ahadi inakuwa nzito zaidi ukijua hivyo: Mungu anawawazia mema watu ambao hawatarudi nyumbani, kwa ajili ya wajukuu wao. Mhitimu akielezwa hivyo siku ya mahafali amepewa kitu kikubwa kuliko kuahidiwa ajira.

Sasa fungua Kutoka 14 na 15, zisome pamoja. Sura ya 14 inasimulia: Musa ananyosha mkono, upepo wa mashariki unavuma kwa nguvu usiku kucha, maji yanagawanyika, watu wanapita. Sura ya 15 ni wimbo wa tukio lilelile, na humo maji yanarundikana kwa pumzi ya mianzi ya pua ya Mungu. Mwenye kusimulia anakwambia upepo ulitoka upande gani. Mwenye kuimba anakwambia ni pumzi ya nani. Waamuzi 4 na 5 wanafanya hivyohivyo kwa vita vya Debora na Baraka. Waliopanga maandiko waliziweka mbili mbili, bega kwa bega, hawakuona haja ya kufuta mojawapo.

Mashairi yao yana kanuni yake pia. Sisi tumezoea vina na mizani. Waebrania uzito waliuweka kwenye wazo linalorudiwa kwa sura nyingine: "Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, dunia na wote wakaao ndani yake" (Zaburi 24:1). Ni neno moja limesemwa mara mbili. Asiyejua hilo atatafuta tofauti kati ya "nchi" na "dunia" mpaka jioni. Zaburi 119 imekwenda mbali zaidi, beti 22 kwa herufi 22 za Kiebrania, kila beti mistari minane, ndiyo maana ina mistari 176. Maombolezo nayo sura nne za kwanza zinafuata alfabeti: mtu analia juu ya mji ulioteketea, lakini anakilia kilio chake kwa mpangilio, herufi baada ya herufi.

Kuhusu Zaburi nitasema jambo moja zaidi kwa sababu linanigusa. Nyingi humo ni malalamiko. Zaburi 88 inaanza na kilio na inaishia gizani, hakuna shukrani mwishoni. Ile ya 137 inamalizika kwa laana ya kutisha juu ya watoto wa Babeli. Hayo ni maneno ya mwanadamu akimwelekea Mungu, na yamehifadhiwa kama sala. Kuyasoma kama amri ya kutenda ni kukosa aina. Kuyaruka ibadani kana kwamba hayapo ni kuwanyima wenye uchungu sala ambazo Mungu ameruhusu ziandikwe.

Mleta uzi (inaendelea)

Hapa kwenye mithali ndipo watu wanapoumia.

"Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee" (Mithali 22:6). Nimeona wazazi wacha Mungu wakihukumiwa kwa mstari huu. Mtoto ameingia kwenye dawa za kulevya, halafu mshirika anamwambia mama yake: ungemlea vizuri asingeacha, Biblia imesema. Mama anaondoka kanisani na mizigo miwili.

Wakuu, hiyo ni methali. Sisi watu wa Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa, maana tunasema "haraka haraka haina baraka", na palepale tunasema "ngoja ngoja huumiza matumbo", na hakuna anayedai mhenga mmoja ni mwongo. Tunajua kila moja ina mahali pake. Mithali 26:4 inasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. Mstari wa 5 unasema umjibu. Imewekwa imefuatana makusudi, ili mwenye hekima ajue lini kufanya lipi. Methali inaeleza njia ambayo maisha huenda kwa kawaida. Haikutolewa kama hati ya dhamana, na Biblia yenyewe imeweka Ayubu na Mhubiri jirani na Mithali ili tusisahau kwamba mwenye haki naye hupigwa.

Sheria nayo ina namna zake. Kuna amri fupi zisizo na masharti, "usiibe". Kuna nyingine za mfano wa kesi: mtu akiiba ng'ombe, ng'ombe dume akimpiga mtu pembe, afanyweje. Kumbukumbu la Torati 22:8 inaagiza anayejenga nyumba aweke ukuta kuzunguka dari lake, mtu asije akaanguka. Dari zao zilikuwa bapa, watu walikaa juu. Wewe mwenye nyumba ya bati huhitaji ukuta huo, lakini kisima kisichofunikwa uani kwako kinakuhusu moja kwa moja.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji

Mkuu, mimi nina wasiwasi. Neno ni Neno. Mkianza kusema hili shairi, hili barua, mnafungua mlango kila mtu akatae asichokitaka. 2 Timotheo 3:16 inasema kila andiko lina pumzi ya Mungu.

Mleta uzi

Wasiwasi wako ni wa haki, mtumishi, wapo wanaofanya hivyo. Lakini angalia Waebrania 1:1: Mungu alisema zamani na baba zetu katika manabii "kwa sehemu nyingi na kwa njia nyingi". Hizo njia nyingi ni uchaguzi wake mwenyewe. Kuheshimu njia aliyoichagua ni sehemu ya kuheshimu alichosema.

Kisha baki na 2 Timotheo hiyohiyo, sogea mbele hadi 4:13. Paulo anamwomba Timotheo amletee joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Huo mstari nao uko ndani ya "kila andiko". Hakuna anayehubiri kwamba ni amri kwetu kwenda Troa, kwa sababu sote tunatambua bila kufundishwa kwamba hii ni barua, mzee amefungwa na baridi inakuja (mstari wa 21 anamsihi afike kabla ya wakati wa baridi). Je, mstari huo hauna pumzi? Unayo. Unatuonyesha mtume anayekaribia kufa bado anataka kusoma. Naomba tu tufanye kwa Biblia yote kile ambacho tayari tunakifanya kwa joho la Paulo.

Mchangiaji

Tumsifu Yesu Kristo. Umesema 66, sisi Wakatoliki tuna 73. Hivyo saba mmevitoa ninyi au tumeviongeza sisi?

Mleta uzi

Milele amina. Nitajibu bila ushabiki, maana mada hii imeshaleta matusi ya kutosha mitandaoni.

Vitabu hivyo ni Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, Wamakabayo wa Kwanza na wa Pili, pamoja na nyongeza kwenye Esta na Danieli. Vilikuwamo kwenye maandiko ya Kiyahudi ya Kigiriki ambayo Wakristo wa mwanzo waliyatumia sana. Havimo kwenye mkusanyo wa Kiebrania ambao Wayahudi wanautumia hadi leo. Yeronimo, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, aliiona tofauti hiyo mapema. Martin Luther, mwanzilishi wa matengenezo ya Kiprotestanti, katika Biblia yake ya 1534 hakuvitupa, aliviweka pamoja kati ya Agano la Kale na Jipya. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1546 ukatamka rasmi kwamba kwa Wakatoliki ni maandiko matakatifu. Hata Biblia ya Kiingereza ya 1611, ya Mfalme James, ilichapishwa navyo. Kwa hiyo "nani katoa, nani kaongeza" inategemea unaanza kuhesabu kutoka kwenye mkusanyo upi. Waorthodoksi wa Ethiopia wao wanahesabu 81.

Tazama sasa jinsi aina zinavyofanya kazi hapo. Biblia yenu haikuvibandika mwishoni. Kila kimoja kimepelekwa kwa wenzake. Tobiti, Yudithi na Wamakabayo wako na historia, Hekima na Sira wako na hekima, Baruku yuko na manabii.

Wayahudi nao wana mpangilio wao, na huu ningependa kila Mkristo aujue. Vitabu ni vilevile 39 vyetu, wao wanavihesabu 24 kwa sababu Samweli ni kimoja, Wafalme kimoja, manabii wadogo wote kumi na wawili kimoja, na kadhalika. Wana sehemu tatu: Sheria, Manabii, Maandiko. Yoshua, Waamuzi, Samweli na Wafalme, ambavyo sisi tunaviita historia, kwao ni Manabii. Danieli, tunayemweka na manabii, kwao yuko kwenye Maandiko. Hebu soma Wafalme kama unabii uone kinavyobadilika: swali la kitabu halibaki kuwa nani alitawala miaka mingapi, linakuwa je, mfalme huyu alilisikia neno la Bwana?

Mkusanyo wao kwa kawaida unamalizika na Mambo ya Nyakati, Koreshi mfalme wa Uajemi akitangaza watu wapande kwenda Yerusalemu. Wetu unamalizika na Malaki, Eliya akiahidiwa kuja, halafu unafungua ukurasa unakutana na Mathayo na habari za Yohana Mbatizaji. Mpangilio wenyewe unahubiri. Yesu katika Luka 24:44 anataja Torati ya Musa, Manabii na Zaburi, sehemu tatu. Na katika Luka 11:51 anasema kutoka damu ya Habili hata damu ya Zekaria aliyeuawa kati ya madhabahu na hekalu. Habili yuko Mwanzo, na wafasiri wengi wanaona Zekaria huyo ndiye wa 2 Nyakati 24. Kwa mpangilio wa Kiyahudi hiyo ni kutoka kitabu cha kwanza hadi cha mwisho.

Mchangiaji

Assalaam alaykum. Mimi Muislamu, nauliza kwa nia njema. Sisi tunaamini Injili ni moja aliyopewa Nabii Isa. Hizo nne zenu ipi ndiyo yenyewe?

Mleta uzi

Waalaykum salaam, karibu sana ndugu yangu. Tofauti yetu hapa ni ya imani na siwezi kuimaliza kwenye uzi, ila naweza kukueleza Mkristo anashika nini mkononi. Kwetu Injili ni habari ya Yesu mwenyewe, maisha yake, kifo na kufufuka kwake. Vitabu vinne ni ushuhuda wa habari hiyo moja. Hatudai Yesu aliandika au alikabidhiwa kitabu. Luka anaanza kwa kueleza alivyofanya kazi: wengine wameandika kabla yake, mashahidi wa macho wamesimulia, naye amejitafutia usahihi wa mambo yote tangu mwanzo na kuyaandika kwa taratibu.

Kila mmoja amepanga kwa namna yake. Marko anakimbia, tukio juu ya tukio. Mathayo amekusanya mafundisho kwenye hotuba kubwa tano (sura 5 hadi 7, 10, 13, 18, na 24 hadi 25), kila moja ikifungwa kwa maneno yanayofanana, "Yesu alipomaliza". Yohana anachagua ishara chache na kukaa juu yake kwa mazungumzo marefu, na anasema wazi mwishoni kwamba zipo nyingine nyingi hakuziandika (20:30). Ndiyo maana kusafishwa kwa hekalu kuko sura ya 2 kwa Yohana, na kwa wale watatu kuko wiki ya mwisho. Wapo wanaosema lilitokea mara mbili. Mimi naona Yohana ameliweka mbele ili msomaji asome kitabu chote akijua hekalu la kweli ni nani. Waandishi wa maisha ya watu zama hizo walikuwa na uhuru wa kupanga kwa maana na si kwa kalenda peke yake.

Mchangiaji

Mkuu vipi Ufunuo? Kila mwaka tunaambiwa 666 ni kitu kipya, mara kadi, mara chanjo.

Mleta uzi

Na kila mwaka watu wanaogopeshwa bure, inaniuma sana. Ufunuo ni aina tatu kwa pamoja. Ni ufunuo wa maono, ndugu wa Danieli na Ezekieli, ambako wanyama ni falme na namba zina maana. Ni unabii (1:3). Na ni barua: 1:4 inaanza kama barua yoyote, Yohana kwa makanisa saba yaliyoko Asia, miji ambayo leo iko Uturuki. Barua lazima iwe ilieleweka na walioipokea. Sura ya 13:18 inamwambia mwenye akili wa wakati ule aihesabu hesabu ya mnyama. Kiebrania na Kigiriki vilitumia herufi kama tarakimu, na wasomi wengi wameonyesha kwamba jina la Kaisari Nero kwa herufi za Kiebrania linatoa 666. Mtu wa Smirna asingeweza kuhesabu chanjo ya karne ya 21. Kitabu kinakusaidia chenyewe pia: 1:20 inakwambia nyota ni nini na vinara ni nini, 17:9 inakwambia vichwa saba ni milima saba. Kinapoeleza, pokea maelezo yake kabla ya yale ya kwenye video.

Mchangiaji

Nimeokoka mwaka huu, nimeanza Mwanzo nimekwama Mambo ya Walawi. Nisome kwa mpangilio gani?

Mleta uzi

Hongera sana dada/kaka. Walawi imewakwamisha wengi, maana umetoka kwenye hadithi ukaingia kwenye kanuni za makuhani bila kuambiwa umebadilisha aina. Iache kwanza, utairudia.

Anza na Marko, ni sura 16, jaribu kuimaliza siku moja au mbili. Kisha Luka na Matendo mfululizo, ukiruka Yohana. Ukiona Paulo anafika Filipi katika Matendo 16, simama usome Wafilipi kwa kikao kimoja, kama barua. Utakutana na "nayaweza mambo yote" ya 4:13, na kwa kuwa umetoka kusoma mstari wa 12 kuhusu kushiba na kuona njaa, utajua mambo yote ni yapi. Zaburi moja kila siku, kwa sauti. Mithali kidogo kidogo, mistari michache inatosha. Rudi Mwanzo hadi Kutoka 20, halafu ruka hadi Samweli. Manabii anza na Amosi, sura tisa, lakini kwanza soma 2 Wafalme 14 kuanzia mstari wa 23 ujue ni mfalme yupi alikuwa anatawala. Walawi uisome ukiwa tayari na Waebrania pembeni. Ufunuo uwe wa mwisho, baada ya Danieli, na ukikwama popote weka swali hapahapa.